Satsanga za kina mama wa Kihindu: urafiki wa kiroho, mama mkwe, waume na maguru (uzi mrefu kidogo)

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za leo, hasa wadada wa humu.

Juzi kwenye ule uzi wa ndoa kuna jamaa alishusha kwamba dini ya Kihindu inamfundisha mwanamke kitu kimoja tu, amwabudu mume na afunge mdomo, watu wakagonga laiki kama zote. Mi nikaona nikijibu kule itapotea bure, bora nifungue uzi. Mi sio Mhindu, ila nimekulia Upanga, Dar, jengo moja na familia za Kigujarati, mwanzoni nilikua naingia kwenye satsanga za kina mama, yaani vile vikao vyao vya kumwimbia Mungu, kwa ajili ya vitu vitamu tu, baadae nikaanza kuuliza wanaimba nini, na nilivyokua mkubwa nikawa natafuta mwenyewe nasoma. Wahindu mliomo humu ongezeeni.

Kwanza tuwekane sawa. Bhakti ni ile njia ya kumpenda Mungu moja kwa moja, kwa kuimba, kumtaja jina, kumhudumia kama mtu wako wa karibu. Ilianza kushika kasi kusini kabisa mwa India kwa Watamil kuanzia kama karne ya 6, ikapanda Karnataka, Maharashtra, Gujarat, Rajasthan, Bengal, mpaka karne ya 16 na 17 ilikua imeenea kote. Na kilichowafungulia wanawake mlango ni kwamba watu waliimba kwa lugha za nyumbani. Sanskrit ilikua ya makuhani na wasomi, mwanamke hafundishwi, mshona viatu hafundishwi, sasa ukishaanza kumwimbia Mungu kwa Kitamil cha jikoni au Kimarathi cha shambani nani atakuzuia?

Sasa nianze na binti mmoja anaitwa Andal. Huyu ni wa Srivilliputhur huko Tamil Nadu, karne ya 8 au ya 9 hivi. Wale watakatifu washairi wa kusini wanaomwimbia Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, wanaitwa Alvar, wako 12, mwanamke ni yeye peke yake. Inasimuliwa baba yake alimwokota kitoto chini ya mrihani mtakatifu, ule tulsi, akamlea. Ameacha shairi la beti 30 linaitwa Tiruppavai, na mpaka leo kila mwaka katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, mwezi wanaouita Margazhi, wanawake wa Kitamil wanaamka alfajiri na kuliimba, ubeti mmoja kila siku.

Na shairi lenyewe linahusu nini? Linahusu mabinti kuamshana! Yaani nilivyolisoma mara ya kwanza nilicheka. Kuna kundi la wasichana wamepanga kwenda kuoga mtoni alfajiri na kufunga pamoja, sasa kuna wenzao bado wamelala, basi beti kama kumi nzima, kuanzia wa 6 mpaka wa 15, ni wanapita mlango kwa mlango kugonga. Mmoja wanamuuliza mama yake, eti huyu binti yako ni bubu, au kiziwi, au mvivu, au karogwa usingizi? Mwingine wanamwambia yule jitu Kumbhakarna wa kitabu cha Ramayana aliekua analala miezi na miezi alishindana na wewe akashindwa akakuachia usingizi wake wote nini? Ni utani wa mashoga wa kike kabisa, lakini hakuna anaeachwa. Wangeweza kwenda zao, jua linakaribia, wamwache aendelee kukoroma, ila hawaendi mpaka atoke.

Ubeti wa 2 ndo wanapeana masharti ya mfungo: hatuli samli, hatunywi maziwa, hatupaki wanja, hatuweki maua kichwani, na hatupeleki maneno mabaya ya watu huku na kule. Mnaona hilo la mwisho limekaa wapi? Sawa na chakula. Umbea umewekwa kwenye orodha ya mfungo.

Halafu ubeti wa 15 kuna majibizano, alie ndani na walio nje wanarushiana maneno, nyie ndo wenye kelele, hapana wewe ndo una mdomo tunakujua, mpaka alie ndani anasema haya basi na iwe mimi ndo mwenye kosa. Wafafanuzi wa dini yao wa huko kusini wameukalia huo mstari karne na karne, wanasema ndani yake kuna tabia nzima ya mja wa Vishnu, kuweza kulibeba kosa ili watu waendelee na safari. Mi hapo nna langu nitalisema chini, maana huo mstari ukiangukia kwa mtu mbaya unakua fimbo.

Ubeti wa 27 mfungo umeisha, wanavaa bangili, hereni, nguo mpya, na wanakula wali wa maziwa uliofunikwa na samli mpaka samli inachuruzika kwenye kiwiko, wote wamekaa pamoja. Siku hiyo ya 27 mpaka leo nyumba za Kitamil zinapika wali mtamu wa samli nyingi. Haya, binti wa karne ya 8 au 9 katuachia mlolongo wote wa urafiki: kuamshana, kutaniana, kufunga midomo, kubeba kosa, kula pamoja.

Twende kaskazini. Vrindavan, mji mtakatifu wa Krishna (Krishna ni Vishnu alivyokuja duniani kama mtu), karne ya 16, kuna mwanazuoni anaitwa Rupa Goswami, mfuasi wa mtakatifu Chaitanya wa Bengal. Huyu ameandika kijitabu cha Kisanskrit cha beti 11 tu, Upadeshamrita. Ubeti wa 4 unataja dalili sita za upendo kati ya waja: kutoa zawadi, kupokea zawadi, kufungua siri ya moyoni, kuuliza ya moyoni ya mwenzio, kula chakula cha mwenzio, na kumlisha. Basi. Hakuna maneno ya mapambo.

Angalieni zinavyokwenda mbilimbili. Ukitoa tu bila kukubali kupokea, hujatimiza. Ukiwa wewe ndo wa kusimulia shida zako kila siku na hujawahi kumuuliza mwenzio we unaendeleaje, hujatimiza. Ukila kwa watu na kwako hapaliki, hujatimiza. Mi nimewahi kukaa na rafiki miaka ambae nilikua najua kila kitu cha ndoa yake mpaka mume kalala upande gani, yeye alikua hajui hata kwamba nimehama kazi, sasa ukipima kwa huo ubeti unaona wazi pale palikua na nusu tu. Na ubeti wa 2 wa kijitabu hichohicho unataja vitu sita vinavyoharibu bhakti, na kimoja ni maongezi ya ovyo yasiyo na kichwa wala miguu. Tunarudi palepale pa Andal, mdomo.

Sasa satsanga yenyewe inavyokua, kwa asiewahi kuona. Mara nyingi ni mchana baada ya kula, kabla watoto hawajarudi shule. Sebule inaondolewa meza, linatandikwa shuka jeupe chini, kina mama wanakaa, wenye magoti mabovu wanapewa kiti ukutani. Kuna picha au kisanamu cha Krishna kimevalishwa nguo na maua. Mmoja ana dholaki, kile kingoma, mapajani, wengine wana manjira, vile vitasa vidogo vya shaba vya kugonganisha. Kila mtu ana kidaftari chake cha bhajani, yaani nyimbo za ibada, kilichonakiliwa kwa mkono, vingine vina mafuta ya mapishi kwenye kurasa, vimevalishwa nailoni. Anaanza mmoja mstari, wengine wanarudia, na uongozi unazunguka, hata yule bibi sauti imeisha anapewa zamu yake na watu wanamfata. Mwisho arti, sinia lenye moto linapitishwa, unapitisha viganja juu ya moto unajipaka usoni, halafu prasadi. Prasadi ni chakula kilichotangulia kupewa Mungu, mara nyingi sheero, ile halua ya semolina na samli, na hutoki bila kula. Halafu chai. Na hapo kwenye chai sasa ndo mambo yenyewe yanaanza, nani mumewe biashara imeyumba, nani binti yake kakwama London, nani anahitaji wa kumpeleka hospitali Alhamisi. Nimeshuhudia mgonjwa anapangiwa zamu ya chakula cha wiki nzima kabla vikombe havijapoa.

Ngoja nipumzike, karibuni.

#2

Mleta uzi unaandika vizuri ila unatupaka mafuta. Hao si ndo walikua wanawachoma wajane wakiwa hai? Au hilo halimo kwenye beti?

#3 – Mleta uzi

Mkuu limo, na wala silikwepi. Kujichoma na maiti ya mume, sati, ilikuepo, hasa kwa baadhi ya matabaka ya juu na kwa Marajput, zile koo za wapiganaji, Waingereza waliipiga marufuku Bengal mwaka 1829 baada ya Wahindu wenyewe akina Ram Mohan Roy kuipigia kelele.

Lakini sasa msikilize Mirabai. Huyu ni binti wa kifalme wa Kirajput, wa Merta, Rajasthan, karne ya 16, kaolewa Mewar, mume kafa mapema. Inasimuliwa aligoma kujichoma, alisema mume wangu ni Krishna na yeye hafi. Akaanza kutoka ikulu kwenda kuimba na watu wa kawaida, na inasimuliwa guru wake, yaani mwalimu wa kiroho, alikua Ravidas, mtengeneza ngozi, tabaka la chini kabisa. Ukoo wakaona aibu, simulizi zinasema wakampelekea kikombe cha sumu akanywa hakufa, wakampelekea kikapu chenye nyoka. Nyimbo zake nyingi anaongea na sakhi, yaani shoga yake wa moyoni, hee sakhi nimefanyaje, hee sakhi usiku umekua mrefu. Ukweni kuna sumu, sakhi yuko kwenye wimbo. Wanawake wa India wanaimba hayo mazungumzo miaka 500 sasa na kila anaeimba anakua ndo sakhi.

Na kuna ile ya Vrindavan, inasimuliwa alitaka kumwona Jiva Goswami, mwanazuoni mkubwa, akajibiwa huyu bwana haonani na wanawake. Mira akarudisha ujumbe: mi nilidhani Vrindavan mwanaume ni mmoja tu, Krishna, kumbe kuna mwingine? Bwana mkubwa akatoka mwenyewe kumpokea. Jiva huyo ni mtoto wa ndugu yake Rupa Goswami niliyemtaja juu, kwaiyo hata palepale penye dalili sita za upendo mlango ulikua umefungwa kwa wanawake mpaka mmoja agonge kwa maneno.

Na kama unataka ubaya wa leo leo nakupa, huko huko Vrindavan. Wajane wengi, hasa kutoka Bengal, wamekua wakiachwa pale na familia zao, wanaimba bhajani kwenye maashramu, zile nyumba za ibada, kwa vijisenti na kipimo cha mchele. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India iliingilia kati, mashirika yakaanza kuwapa posho na matibabu, na kuanzia 2013 wakaanza kucheza Holi, sikukuu ya rangi, hadharani, kurushiana rangi na maua, kitu ambacho mjane mwenye sari nyeupe alikua haruhusiwi. Kuimba pamoja peke yake hakukuwatosha, walihitaji hela na daktari.

#4

Mi naomba hapo pa mama mkwe. Wanawake wa Kihindi na mama wakwe zao tunawaona kwenye tamthilia 😂 bhakti inasemaje?

#5 – Mleta uzi

😂😂 Hapo pana Lal Ded, au Lalla, wa Kashmir, karne ya 14. Kaolewa mdogo, mama mkwe akawa akipakua anaweka jiwe kwenye sahani halafu anafunika wali kidogo juu ili watu waone sahani imejaa. Lalla anakula ule wali, anaosha jiwe, anarudisha jikoni, hasemi. Siku moja kuna sherehe nyumbani, wenzake wanamwambia leo utakula vizuri, akajibu wachinje beberu wachinje kondoo, Lalla jiwe lake lipo palepale. Huo umekua msemo Kashmir mpaka leo.

Ila msije mkasema dada kavumilia akapata taji. Lalla aliondoka kwenye hiyo nyumba. Akawa anazunguka anaimba mafumbo yake ya mistari minne kuhusu Shiva, mungu mwingine mkuu wa Kihindu, Wahindu wanasema ni wao na Waislamu wa Kashmir nao wanasema ni wao, wanamwita mama. Angebaki na jiwe lake jikoni tusingemjua.

#6

Jai Shri Krishna kwenu wote. Mi ni Mgujarati wa Nairobi, kizazi cha nne hapa, naandika kwa Kiswahili changu mtanisamehe. Dada mleta uzi ameongea vizuri lakini amesahau ya kwetu Saurashtra, huko Gujarat, na hii ndio jibu la mama mkwe.

Kuna Gangasati, karne ya 19, kijiji cha Samadhiyala upande wa Bhavnagar. Kwetu inasimuliwa mume wake Kahalsang aliamua kuchukua samadhi, yaani kuondoka mwilini kwa kutaka mwenyewe kwenye kutafakari. Gangasati akasema nakufuata. Mume akamwambia hapana, kazi yako haijaisha, Panbai bado hajafundishwa. Panbai ni nani? Ni mke wa mtoto wao. Basi huyu mama akabaki siku 52, kila siku anamtungia mkwe wake bhajani moja, akamaliza 52 ndio akaondoka.

Ile bhajani maarufu inasema mlima Meru (wa maandiko yetu, si huu wa Arusha) unaweza kutikisika lakini moyo wa mja hautikisiki, Panbai. Nyingine inasema umeme unapomulika, Panbai, ndio utunge lulu kwenye uzi, kwa sababu ghafla giza linarudi. Kila bhajani iko na jina la mkwe ndani. Bibi yangu alikuwa anaimba hizi akichambua dengu na mimi nilikuwa nadhani Panbai ni jirani yetu.

Sasa sisemi mama wakwe wote wa Kigujarati ni Gangasati, wangu mimi hapana kabisa, alikuwa anahesabu rotli, chapati zetu, nazokula. Lakini kwenye mandali yetu, yaani kikundi chetu cha bhajani, tulikuwa tunakaa pamoja mimi na yeye kila Jumatatu, na anaimba haya maneno mbele ya wamama ishirini wanaojua nyumbani kwake kukoje. Mtu anaona haya. Kuna shangazi mmoja wa mandali siku moja baada ya arti alimwambia polepole, ben (yaani dada), Panbai wako amekonda. Hiyo tu. Wiki hiyo mambo ilibadilika kidogo, si sana, lakini kidogo.

#7 – Mleta uzi

#6 asante sana ben, hiyo ya "Panbai wako amekonda" imenimaliza. Na ndo kitu nilichokua natafuta namna ya kukisema: mandali inakua ni macho ya watu. Mwanamke aliefungiwa ndani na familia mbaya hana shahidi, satsanga inampa mashahidi kila wiki.

#8

Naona wote mliowataja ama mume kafa ama wamemkimbia. Mira mjane, Lalla kaondoka. Kwaiyo hiyo bhakti yenu ni chuo cha kuvunja ndoa? Nauliza kama mwanaume.

#9 – Mleta uzi

Swali zuri kaka. Nikuongezee na wengine kabisa: Akka Mahadevi wa Karnataka, karne ya 12, inasimuliwa mfalme alimtaka, akampa masharti ya kumwachia uhuru wa ibada yake, mfalme akayavunja, akaondoka hata nguo akaacha, kajifunika nywele tu, akaenda Kalyana kwenye baraza la waja wa Shiva la akina Basava na Allama Prabhu, akahojiwa na wanaume pale na akawajibu mpaka wakamkubali. Na Karaikkal Ammaiyar, wa zamani zaidi, huyo mumewe ndo alimkimbia! Mke kaomba embe kwa Shiva likatokea mkononi, mume mfanyabiashara akaingiwa hofu, akasafiri, akaoa kwingine, na mtoto wake wa kike akampa jina la huyohuyo mke aliemwogopa.

Ila wapo walioishi na waume wakaimba pamoja. Soyarabai wa Maharashtra, karne ya 14, yeye na mumewe Chokhamela wote washairi wa Vithoba, ndo Krishna wa huko kwao, wote watu wa tabaka la Mahar waliokua hawaruhusiwi kuingia hekaluni, na wifi yake Nirmala nae mshairi. Wifi na mke wa kaka wote wanaimba mlango mmoja wa nje, mnaweza kufikiria. Na Janabai, mjakazi nyumbani kwa mshairi Namdev, asiekua na mume wala mtoto, anaimba kwamba Vithoba mwenyewe anakuja kumsaidia kusaga nafaka na kufagia. Wanawake wa vijijini Maharashtra waliimba hivohivo wawiliwawili kwenye jiwe la kusagia alfajiri, watafiti wamekusanya zaidi ya nyimbo 100,000 za kusagia, humo kuna Vithoba, kuna kaka aliechelewa kuja kunichukua, kuna mume mlevi, kuna mama mkwe, vyote kwenye pumzi moja.

Sasa anaenipa shida mimi ni Bahinabai. Kazaliwa 1628, kaozwa mtoto wa miaka mitatu kwa mwanaume wa miaka 30, Brahmin, tabaka la makuhani. Akaanza kumfata Tukaram, mshairi mkubwa ambae ni tabaka la chini, mume akaona kadhalilishwa, akawa anampiga. Kaandika mwenyewe haya, ana mashairi ya kusimulia maisha yake, na kuna sehemu analia kwamba Veda na Purana, maandiko yao matakatifu, zinapiga kelele kuwa mwanamke hana faida, sasa mi nliezaliwa na mwili huu nitaupataje ukweli? Mume baadae akaumwa sana, akatubu, akakubali. Wapo wanaohubiri hadithi hiyo kama mfano wa mke bora, vumilia na yeye utambadilisha. Mi siipokei hivo. Hakubadilishwa na uvumilivu wa mkewe, homa ndo ilimpiga, na wangapi waume zao hawakuumwa homa? Kwenye simulizi ya Bahinabai anaemfariji ni ndama. NDAMA jamani. Mtoto wa kike anapigwa na kiumbe anaemfariji ni ndama.

Ndo maana nilisema ule mstari wa Andal wa "iwe mimi ndo mwenye kosa" unataka uangalifu. Pale mlangoni walikua mashoga sawa kwa sawa, na alie ndani ametoka wakaenda wote mtoni. Huwezi kumpa huo mstari mtu anaepigwa. Rupa Goswami alisema dalili za upendo ni kutoa NA kupokea, sasa anaekupiga anakupa nini na anapokea nini kwako?

#10

Hapo nimekuelewa. Na hawa maguru wanaokula mabinti za watu? Maana kila dini wapo.

#11 – Mleta uzi

Wapo, na Wahindu wenyewe waliwaanika hadharani miaka zaidi ya 160 iliyopita. Bombay 1860, mwandishi wa habari Mgujarati anaitwa Karsandas Mulji, wa gazeti la Satya Prakash, akaandika kwamba baadhi ya Maharaj, viongozi wa kurithi wa madhehebu ya Krishna yaliyotokana na Vallabhacharya, wanawatumia kingono wanawake waumini kwa kisingizio kwamba kila kitu cha mja ni cha Krishna na wao wanasimama badala ya Krishna. Maharaj mmoja, Jadunathji, akamshtaki kwa kumchafua, akidai rupia 50,000. Kesi ikanguruma, madaktari wakatoa ushahidi wa magonjwa ya zinaa, Aprili 1862 Mulji akashinda.

Na msione ni mbali, wafanyabiashara wa Kibhatia, jamii ya Kihindu kutoka Kutch, Gujarat, waliokua Zanzibar karne hiyohiyo ya 19, akina Jairam Shivji walioshika forodha ya Sultani, ni wa madhehebu hayohayo ya Vallabha. Dhehebu lipo, lina mamilioni ya watu wema, bibi zangu wa Upanga wengi ni wa humo na kila asubuhi wanamwamsha Krishna mdogo wa nyumbani kwa maziwa kama mtoto. Ibada haikuwa kosa. Kosa lilikua mtu mmoja kujiweka pale pa Krishna na mwanamke kuingia chumbani peke yake bila shoga yake.

Hata hawa Hare Krishna, chama kilichoanzishwa New York 1966, ambao mnawaona Nairobi na Dar, kina mama wao walilalamika miaka mingi kwamba wanasukumwa nyuma hekaluni na kunyamazishwa, mpaka 1998 ndo mwanamke wa kwanza akaingia baraza lao kuu la uongozi. Waliopigania hilo ni wanawake waumini wenyewe, tena kwa maandiko hayohayo, wakikumbusha kwamba Jahnava Devi, mjane wa Nityananda aliekua mwenzake Chaitanya, alikua kiongozi wa dhehebu lao Bengal karne ya 16 na wanaume walimsikiliza.

#12

Hii si ndo sawa na vikoba vyetu na jumuiya? Hakuna jipya.

#13 – Mleta uzi

Kwenye zamu ya kupeleka chakula kwa mgonjwa sawa kabisa, sibishi. Tofauti ninayoiona mimi, kikoba ukikosa hela ya hisa unaanza kukwepa simu. Satsanga hakuna mchango wa lazima, unakuja na sauti tu, na ukikosa sauti unapiga kofi. Nimemwona mama aliefilisika kabisa, duka limekwenda, sari ileile kila wiki, na zamu yake ya kuongoza ilikua palepale.

Ila nao wana yao msidhani malaika. Kuna kushindana nani sheero lake lina lozi nyingi, kuna watu wa tabaka fulani kukaa upande wao hata kama hawasemi, na kuna mabibi wanaoamini binti akiwa kwenye siku zake asikaribie picha ya Mungu. Vijana wa kike wengi wanaichoka hiyo wanahamia makundi ya wasap, wanatumiana bhajani asubuhi, ila wasap haikupelekei chakula.

#14

Mleta uzi, mtu asiekua Mhindu anaruhusiwa kwenda kukaa tu kusikiliza? Mke wangu anapenda sana hizo nyimbo, kuna jirani kamwalika ila anaogopa kukosea.

#15 – Mleta uzi

Aende tu, ameshaalikwa. Viatu aache mlangoni, avae kitu kirefu maana anakaa chini, asinyooshe miguu kuelekea kwenye picha. Kichwa kufunika inategemea na mandali, aangalie wenzake. Akipewa prasadi apokee kwa mkono wa kulia, na asiache kula hata kidogo tu, kuikataa ndo kitu kitakachowaumiza. Asiende ameshiba. Mikono mitupu hawamwambii kitu ila matunda au maua yanapendeza, keki ya mayai asibebe kabisa. Na kama ni siku ya ekadashi, ile siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, wengi hawali nafaka, kwaiyo hata biskuti na chapati aache nyumbani, abebe ndizi au karanga.

#6 ben, kama bado upo, naomba utuwekee hapa maneno ya ile ya umeme na lulu, mstari mmoja mmoja na Kiswahili chake pembeni.

#16

Nipo dada. Naenda kuchukua daftari la bibi, nitaandika usiku watoto wakilala.